Machapisho themanini na kitu: je, mshauri huyu anaijua avokado yetu?

SWALI: Daktari, mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa avokado ya Hass huku Subukia, Kaunti ya Nakuru. Mtafiti mmoja amejitolea kuwa mshauri wetu kwa malipo ya kila mwezi. Ametutumia wasifu wenye machapisho themanini na kitu, na juu kabisa ameandika kwamba h-index yake ni 14. Mwenyekiti wetu ameridhika, anasema msomi kama huyo hatutampata tena. Mimi nimezisoma zile kurasa na sioni zinahusiana vipi na miti yetu. Mingine inakauka kuanzia kileleni, mingine inazaa vizuri mwaka mmoja halafu inakaa bure mwaka unaofuata. Orodha yenyewe nimekutumia. Tuisomeje? Na je, si utovu wa adabu kumhoji mtu aliyesoma kiasi hicho?

JIBU: Katibu, nimeipitia orodha yote, na nitakupa jibu kabla ya maelezo. Mtafiti huyu anafaa, ila si kwa kazi mnayotaka kumpa. Orodha yake ni ya mtu wa matunda yaliyokwisha kuchumwa: kupima ukomavu, kupoza, kufungasha, kuzuia tunda lisiive likiwa bado safarini. Hapo ni bingwa. Miti inayokauka na miti inayoruka mwaka haimo katika kazi zake, isipokuwa katika makala mawili ambayo jina lake limekaa katikati ya msururu wa waandishi. Nitakuonyesha nilivyofikia hapo, maana msimu ujao atakuja mwingine na orodha nyingine, na nitapenda muisome wenyewe.

Tuiondoe kwanza hiyo h-index, kwa sababu ndiyo iliyomvutia mwenyekiti. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtu mwenye 14 ana machapisho 14 ambayo kila moja limetajwa na watafiti wengine angalau mara 14. Basi, hakuna zaidi. Hakisemi ametajwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa, hakisemi aliifanya kazi mwenyewe au alichangia aya moja, wala hakisemi ni tunda gani. Tena kinapanda kadiri umri wa kazi unavyosonga na hakishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti akafungua duka. Nyanja nazo hazilingani: makala ya vinasaba husomwa na maabara za dunia nzima, ilhali makala ya nafasi ya kupanda miti kwenye miinuko ya Bonde la Ufa itatajwa na wachache wanaolima miinuko hiyo. Si namba ya kudharau, lakini kumchagua mshauri wa shamba kwa namba hiyo ni kama kumchagua fundi wa mabomba kwa idadi ya nyumba alizowahi kuingia.

Idadi ya machapisho nayo inahitaji kufumuliwa. Nilichukua kalamu, na kando ya kila kichwa nikaandika mambo matatu: zao gani, mahali gani, na jina lake limekaa wapi. Ni kazi ya jioni moja. Ukimaliza, orodha iliyokuwa inatisha inaanza kuwa na sura. Sehemu kubwa ni maembe, tena maembe ya kuhifadhi. Kuna nyanya, kuna mboga za kienyeji, kuna ndizi. Avokado inatokea kama mara kumi, na karibu zote zinahusu lini tunda limekomaa na linakaaje kwenye baridi.

Usishangae kuona mazao mengi namna hiyo kwa mtu mmoja, wala usimtilie shaka kwa hilo. Mhadhiri wa chuo kikuu Kenya husimamia wanafunzi wa uzamili na uzamifu, na kila mwanafunzi huja na zao lake, mara nyingi la kwao nyumbani. Matokeo yakichapishwa, msimamizi anaandikwa pia. Zaidi ya hayo, kupandishwa cheo kunategemea machapisho. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 unayahesabu kwa pointi. Ukijua hayo utaelewa kwa nini nafasi ya jina ina uzito. Katika sayansi ya mimea, anayeandikwa kwanza kwa kawaida ndiye aliyekuwa shambani na maabara. Anayeandikwa mwisho mara nyingi ndiye mwenye wazo, fedha na maabara. Wa katikati anaweza kuwa aliyechambua takwimu, aliyekopesha mashine, au mtu ambaye shamba lake lilitumika. Kwa hiyo mimi huangalia ncha mbili. Huyu wenu ni wa kwanza au wa mwisho katika kazi nyingi za uhifadhi, kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo. Hiyo ndiyo fani yake halisi, chochote atakachoandika kwenye kadi yake.

Mkitaka kuhakiki wenyewe, Google Scholar, sehemu ya mtandaoni ya kutafutia makala za kitaalamu, ni bure na mtaipata kwenye simu, lakini muwe waangalifu na majina. Mashine haimjui mtu, inajua herufi. Andika Otieno J. au Cheruiyot K. uone watu wangapi wanakuja, na kazi za daktari wa mifugo zinavyoingia kwenye ukurasa wa mtu wa matunda. Si lazima mwenye ukurasa awe ameiba. Mara nyingi hajaufungua siku nyingi. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 kuna ORCID, kitambulisho cha tarakimu 16 ambacho mtafiti hujisajilia mwenyewe. Mwombeni. Mtu anayetaka kulipwa kwa utaalamu wake hapaswi kusita kutoa tarakimu hizo.

Na majina ya wadudu yana vituko vyake. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya. Mwaka 2005 wataalamu wakamtambulisha kama spishi mpya, Bactrocera invadens, na kwa miaka kumi kila makala ya Afrika kuhusu nzi huyo ilibeba jina hilo. Ilipofika 2015 ikathibitishwa kwamba si mpya hata kidogo, ni yuleyule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia tangu zamani. Leo ukitafuta kwa jina moja tu unapoteza nusu ya kazi za watu, na nyingi kati ya hizo zilifanywa hapahapa kwetu, hasa na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Mtafiti wenu ana makala kadhaa ya nzi huyo kwenye maembe chini ya jina la zamani. Hayajachakaa. Nzi hakubadilika jina lilipobadilika, na avokado anaijua pia.

Kuhusu majarida nitasema kwa ufupi, kwa sababu watu hulikuza suala hili kupita kiasi. Yapo majarida ya kulipia na kuchapishiwa, yasiyo na uhakiki wowote wa maana. Mkutubi mmoja Mmarekani, Jeffrey Beall, alikuwa akiweka orodha yake hadi alipoiondoa mwaka 2017, na hata wakati huo alilaumiwa kwa kuyahukumu vibaya majarida ya nchi maskini. Jarida kulipisha ada si kosa, kwani hata mazuri hulipisha. Linalonitia wasiwasi ni jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku chache, au linalopokea udaktari, uhandisi na kilimo katika toleo moja. Kwenye orodha yenu nimeona machache ya namna hiyo na nikayaruka. Yanayobaki ni imara: Scientia Horticulturae, Postharvest Biology and Technology, African Crop Science Journal linalotoka Uganda, na makala kadhaa katika Acta Horticulturae. Hilo la mwisho huchapisha kazi za makongamano ya chama cha kimataifa cha sayansi ya kilimo cha bustani, tangu mwaka 1963. Wanaohesabu pointi hulidharau. Mimi silidharau, kwa sababu humo ndimo watu wa miti ya matunda hueleza majaribio ya shambani ambayo majarida makubwa huyaona ya mahali pamoja mno.

Sasa tufike palipo na nyama. Kichwa cha makala na jina la jarida havitakusaidia kama hujafungua ndani na kusoma sehemu inayofuata utangulizi, pale wanapoeleza walichofanya. Usihangaike na jedwali za takwimu. Tafuta miti mingapi, miaka mingapi, na wapi.

Nianze na miaka, kwa sababu inagusa shida yenu moja kwa moja. Hass huzaa kwa zamu. Mwaka mmoja mti unalemewa hadi matawi yanahitaji kutegemezwa, mwaka unaofuata unatoa majani mazuri na matunda ya kuhesabika. Matunda mengi yakikaa mtini muda mrefu hula akiba ya mti na kuzuia machipukizi ambayo yangebeba maua ya msimu unaofuata. Wakulima wengi huongeza tatizo kwa kuacha matunda mtini wakisubiri bei ipande. Sasa mchukue mtafiti aliyenyunyizia mbolea ya majani kwenye miti iliyokuwa katika mwaka wake wa kupumzika, akapima mavuno mwaka uliofuata. Mavuno yatapanda ajabu. Atachora chati nzuri, makala yatapita, na mbolea haikufanya lolote. Mti ulikuwa umefika zamu yake tu. Kwa hiyo jaribio la mavuno ya avokado la msimu mmoja liweke kando, hata likiwa limechapishwa Uholanzi. Misimu miwili ni kima cha chini kabisa, na mimi naanza kutulia ikifika minne. Hii ndiyo sababu anayefanya kazi ya miti kwa uaminifu huwa na orodha fupi. Wa nyanya anaweza kupata misimu miwili kwa mwaka mmoja. Wa avokado anapanda, anangoja miaka mitatu au minne tunda la kwanza, ndipo aanze kuhesabu.

Kisha miti. Kila Hass duniani ni kipande cha mti mmoja uliokua La Habra Heights, California, katika shamba la mgawa barua aliyeitwa Rudolph Hass. Kwa hiyo juu ya pale palipopandikizwa, miti yenu yote ni ndugu pacha. Chini yake mambo ni tofauti kabisa. Miche mingi ya kwetu hupandikizwa juu ya mche ulioota kwenye kokwa, na kokwa hizo hutoka popote: sokoni, shambani, kwenye mkahawa. Kila kokwa ni mtoto wake peke yake, na mizizi yake ina tabia zake: huu unavumilia maji, huu unaoza mvua ikizidi, huu unakuza mti mfupi. Ndiyo maana majirani wawili katika safu moja hawafanani. Na ndiyo maana jaribio la miti mitatu halinishawishi. Sharti miti iwe mingi, imetawanywa shambani, ili mizizi mizuri isije ikawa yote upande uliotiwa dawa.

Lipo kosa ambalo hata wahakiki hulipitisha. Mtafiti anachuma matunda 30 kwenye mti mmoja uliotiwa dawa na 30 kwenye mti mmoja usiotiwa, kisha anaandika kwamba ana sampuli 30. Hana. Ana mti mmoja na mti mmoja. Stuart Hurlbert aliliandikia kosa hili makala maarufu mwaka 1984, tena kwa hasira kidogo, na bado linaishi. Katika yale makala mawili ya shambani ambayo mtafiti wenu ni wa katikati, moja lina dalili zake. Yale ya uhifadhi ni safi: mashamba kadhaa, miti mingi, misimu miwili, na matunda yamegawanywa kwenye vyumba vya baridi inavyotakiwa.

Mahali napo pana maana, na hapa nina angalizo hata kwa kazi zake nzuri. Matunda yake yalichumwa Murang'a. Subukia kuna sehemu zenu zenye baridi zaidi, na baridi hurefusha muda kutoka ua hadi tunda lililokomaa. Huvuruga hata ratiba ya maua. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, hujifunga, kisha hufunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa la kiume. La Fuerte, aina nyingine ya avokado, huenda kinyume chake, na ndiyo sababu wazee walipenda kuchanganya. Usiku wa baridi na siku za mawingu huisogeza ratiba hii hadi isieleweke. Kwa hiyo akija na kalenda ya kuchuma ya Murang'a, msiichukue kama ilivyo. Mwambieni awafundishe kipimo chenyewe: tunda linakatwa, nyama yake inapimwa uzito, inakaushwa hadi uzito usishuke tena, kisha unahesabu asilimia iliyobaki. Hiyo mtaifanya kwa matunda yenu, kila kijiji kivyake, na wanunuzi wakubwa wanaielewa. Avokado haiivi ikiwa mtini, kwa hiyo macho peke yake hudanganya, na tunda lililochumwa changa hunyauka na kuwa kama mpira badala ya kulainika. Katika jambo hili moja mtafiti huyu anaweza kuwaokoa na hasara kubwa.

Nimwambie mwenyekiti jambo jingine, kwa heshima. Orodha ya machapisho haioni kila kitu. Karatasi iliyompa Rudolph Hass jina ni hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, ya mwaka 1935. Aina za pasheni ziitwazo KPF 4, KPF 11 na KPF 12 zilizotoka kituo cha utafiti cha Thika zimewafaa wakulima kuliko makala mengi niliyosoma, na anayezalisha aina mpya ya tunda hutumia miaka mingi bila kuandika sana. Kwa hiyo muulizeni pia: umewahi kutoa aina gani, kitabu gani cha mkulima, umesimamia shamba la mfano wapi, na tunaweza kulitembelea? Kama yupo afisa wa kilimo wa nyanjani aliyefanya naye kazi, mpigieni simu. Dakika kumi naye zitawaambia mengi.

Kuhusu adabu, usiwe na wasiwasi. Kabla makala hayajachapishwa, mtafiti huulizwa na wahakiki maswali makali kuliko yote mtakayoweza kumuuliza Subukia, na mengine ya kuudhi. Amezoea. Mwambie, "Daktari, tumependa makala yako ya ukomavu, tunaomba nakala, na tungependa kujua miti ilikuwa mingapi." Kama ni mtu wa kweli atafurahi kwamba kuna aliyesoma, na atatuma nakala bila kudai hata senti. Akikasirika, mmepata jibu bila gharama.

Ushauri wangu basi ni huu. Msimlipe kila mwezi. Mkodisheni kwa majuma yanayozunguka mavuno, aje kabla ya madalali hawajaanza kupita na magari yao, awafunze kupima ukomavu, kuchuma kwa kuacha kikonyo, na kupoza matunda siku hiyohiyo. Hass akikaa kwenye nyuzi joto tano hadi saba hivi anatulia; akishushwa chini zaidi huumia kwa baridi na nyama huwa nyeusi. Hayo yote mtafiti anayajua kwa kazi ya mikono yake, na orodha inathibitisha.

Kwa miti inayokauka, tafuteni mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Ninaposikia Hass inakauka kuanzia kileleni, majani yakiwa madogo na ya kufifia, kwanza hushuku kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ndugu wa kile kinacholeta blaiti kwenye viazi vyenu. Hata mti mama wa Hass kule California uliuawa na kuoza kwa mizizi, mwaka 2002. Mbegu za ugonjwa huu huogelea kwenye maji ya udongo, kwa hiyo vile visahani vya kukusanya maji ambavyo wengi huchimba kuzunguka shina ni hatari mvua ikishakolea. Vifukieni, pandisheni udongo uwe kama kichuguu kidogo, wekeni matandazo bila kugusa shina, na jembe lililotumika kwenye mti mgonjwa lisiende kwenye mzima kabla halijaoshwa.

Lakini kukauka kuna sababu nyingine pia, kwa hiyo msinunue dawa kwa kusikia kwangu tu. Chimbeni kwa mkono kwenye ukingo wa kivuli cha mti mtafute mizizi myembamba. Iliyo mizima ina rangi ya maziwa na inapinda. Iliyooza ni myeusi na inakatika kama kijiti. Mkikuta hiyo, ulizeni ofisi ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, mjini Nakuru au idara ya mimea ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro mahali pa kupeleka sampuli ya mizizi pamoja na udongo wake, kwenye mfuko safi, bila kuiacha juani. Na itoke kwenye mti ulioanza kuugua, si uliokwisha kufa; kwenye mti uliokufa maabara itakuta viozo vya kila aina na haitajua kipi kilitangulia.